Usimhoji Mtoto Mambo ya Kwa Mama Yake

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka naona aibu upya. Nilikuwa nachimba dhahabu kwenye machimbo ya Kewanja, enzi zile kila mtu kaja na sululu yake na hakuna anayemwamini mwenzake. Mimi na mama Robi tulikuwa tumeachana. Binti yetu Robi, hajaanza hata shule, alikaa kwa mama yake Nyamisangura, na kila mwisho wa wiki alikuja kwangu.

Basi mama yake akanitumia ujumbe: tubadilishe siku, Robi aje kwako Jumatatu hadi Jumatano, sababu nitakueleza tukionana.

Weee! Tukionana? Nikajua tu kuna mwanaume, tena wa Isebania, ng'ambo ya mpaka, anataka kumvusha mwanangu. Na ng'ombe wangu wa mahari bado wako kwao! Nikakataa.

Robi alipokuja nikamnunulia soda, nikaanza. Nani analala kwenu? "Hakuna, baba." Nani anakuletea zawadi? "Hakuna." Nikambana, nikageuza swali, nikamkazia macho. Mwishowe akasema, "Yupo anko wa pikipiki." Nilimbeba saa hiyo hiyo hadi Nyamisangura, nikamtukana mama yake mbele ya majirani.

Mama yake aliinama akamuuliza mtoto, "Anko gani huyo, mama?"

Robi akaangua kilio. "Nilisema ili baba aache kuniuliza."

Kumbe kila Jumamosi kulikuwa na mazoezi ya kwaya ya watoto kanisani, na ni Robi mwenyewe aliyeomba kwenda.

Mama mkwe, ambaye sisi Wakurya hukwepana naye kwa heshima, siku hiyo alitoka ndani akanitazama machoni. "Mwita, umemfundisha mtoto uongo," akasema. "Nenda zako." Nikaenda.

Siku tulizibadilisha, ugomvi ukaisha. Lakini Robi sasa ana watoto watatu, na hadi leo nikimuuliza tu kama amekula, hunitazama usoni kwanza, anatafuta jibu ninalolitaka. Inaniuma, sikufichi.

Nawe umeachana na mwenzio, na simu yake ikiita naona unavyonuna. Kushuku utashuku, hata mimi bado nashuku watu. Ila akitaka kubadilisha siku, muulize yeye mwenyewe, kwa mdomo wako. Mtoto akirudi, mpe chakula, mwache acheze. Mungu akujalie mtoto anayekujibu bila kukuchunguza uso.