Pasi ya Shangazi Mbele ya Mita

Mwenye nyumba wetu pale Singida mjini alikuwa mtu wa haki, ila bili ya umeme ilipopanda alimpata mkosaji kabla ya kutafuta sababu. Nyumba nzima ilikuwa na mita moja: yeye na mkewe vyumba vya mbele, mimi na shangazi vyumba vya uani. Akaamua mkosaji ni pasi ya umeme ya shangazi. Arudi kwenye pasi ya mkaa, au ahame.

Enzi hizo watumishi wa serikali walikuwa hawaishi safari za vijiji vya ujamaa, na kila mmoja alitaka kwenda kuhimiza kilimo akiwa na suruali yenye mstari. Walimletea shangazi nguo kwa sababu pasi yake haikudondosha majivu kwenye shati jeupe. Pasi ile ikiondoka, wateja nao wangeondoka, na sisi hatukuwa na kazi nyingine ya kutulisha.

Mimi ndiye niliyesema tupime kwanza. Umeme sikuusomea, nilijifundisha kwa kuchungulia mita na kumchosha kwa maswali mtu aliyekuja kuisoma. Na nina ugonjwa mmoja, naukiri: nikifunga mlango, lazima nirudi kuutikisa. Mwenye nyumba alikubali, nadhani alitaka kuona pasi ikihukumiwa hadharani.

Jumapili mchana nikazima kila kitu nilichokijua. Ndani ya mita kulikuwa na kisahani chenye alama nyekundu, kinachozunguka umeme unapotumika. Tungewasha pasi na kuhesabu mizunguko. Saa hatukuwa nayo, hivyo kipimo cha muda kilikuwa shati moja, kuanzia kola hadi mkono wa pili. Lakini shangazi alipojua anatazamwa alipiga pasi kama anafukuzwa. Nikamwomba arudie taratibu. Nikamwambia sasa amezidi.

"Unapima pasi au unanipima mimi?" akauliza, kisha akaongeza maneno ya Kinyaturu ambayo siyatafsiri.

Shati la tatu likatoka sawa. Kisahani kilikimbia hadi hesabu ikanipotea.

"Umeona mwenyewe, kijana," mwenye nyumba akasema. "Hiyo siyo pasi, ni fisi."

Shangazi akachomoa pasi, akaanza kukunja waya wake. Nikatazama tena mita, kwa ule ugonjwa wangu tu, na kisahani kilikuwa bado kinatambaa. Kwa pupa ya kuanza sikuwa nimekitazama kabla ya kuwasha pasi. Nikazunguka swichi zote upya. Mwenye nyumba akaniambia niache, kesi imekwisha. Sikuweza. Nikaufuata waya ukutani hadi stoo ya nyuma, na mlangoni nikamkuta mama mwenye nyumba amesimama, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa asubuhi nilishamwamkia.

"Marahaba. Huko ndani kuchafu."

Ndani kulikuwa na sauti ndogo nyingi. Alikuwa na boksi la sabuni limejaa vifaranga wa kuku aliowaleta kutoka kwao Misigiri, na juu yao globu kubwa. Vifaranga wa kwanza waliuawa na upepo wa baridi, akasema. Hawa walikuwa wanawashiwa taa mchana na usiku, na mumewe hakuwa na habari.

Niliizima taa ile kidogo, nikarudi na mama kwenye mita alipokuwa mwenye nyumba: kisahani kilikuwa kimesimama. Nikawasha redio kubwa ya mwenye nyumba: kikajikongoja tu. Nikairudisha taa ya vifaranga haraka.

"Baba," nikamwambia mwenye nyumba, "pasi inakula sana, lakini inakula alasiri tu. Hii taa ya vifaranga wa mama huko stoo inakula kidogo, ila haiachi kutafuna."

Akamtazama mkewe. Mkewe hakurudi nyuma.

"Zima, wafe," akasema mama. "Sikukuu tutakula pasi."

Mtu wa haki akakohoa. Akasimama kama yuko mkutanoni, akatoa hukumu: vifaranga wabaki, hadi waote manyoya. Pasi ibaki. Yeye mwenyewe, kama kiongozi wa nyumba, atajinyima. Kuanzia leo redio itawashwa kwa taarifa ya habari tu, na umeme utapungua.

Nikafungua mdomo kumweleza kwamba redio haili kitu. Shangazi akanikanyaga mguu, akamshukuru baba kwa busara yake, akaichomeka pasi.