Nani Anawazika?

Kila Jumapili baada ya misa, fundi majeneza huingia kwenye kibanda umiza cha Saida cha kuonyeshea muvi, pale Mbamba Bay, akakaa benchi la mbele na vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi. Kofia huivua na kuiweka gotini. Mkono wa kulia hautulii: hupima ubao wa benchi, shubiri baada ya shubiri, huku macho yapo kwenye muvi. Vijana wakimshangilia stelingi anavyoangusha maghorofa, yeye huguna. "Muvi za siku hizi ovyo kabisa. Mji mzima umekufa, stelingi anaondoka na mchumba. Hao waliobaki chini nani anawazika?"

"Babu, hiyo ni kompyuta tu!"

"Hata kama."

Jumapili iliyopita stelingi alimchimbia rafiki yake kaburi. Fundi akasimama, kofia kifuani, akawaziba walio nyuma, nao wakapiga kelele akae. "Mwacheni mzee!" Saida akawakemea. Nyumba yake inapakana na karakana ya fundi, na kila siku analiona jeneza lililoegemezwa ukutani, la urefu wa kijana. Mwaka wa tatu huu, tangu ziwa lirudishe mtumbwi wa mwana wa fundi bila mwanawe. Mwezi jana wafiwa kutoka Liuli waliliomba. Kipimo kilikuwa kile kile. Fundi alilifuta vumbi kwa kiganja, taratibu.

"Hilo lina mwenyewe," akasema, akashika msumeno kuwaanzia jingine.