Mguu wa Breki

Hata akiwa kwenye benchi la mama ntilie pale Nyahanga, gari likipita kwa fujo, mguu wa kulia wa mwalimu wa udereva hukandamiza ardhi kutafuta breki, kama ile iliyo upande wake kwenye gari la kufundishia. Sauti imemkauka kwa kufokea jambo moja: "Usitoe gia mteremkoni!" Wanafunzi hucheka, wakisema gari likishuka free, bila gia, mafuta yanabaki. Jana ilikuwa siku ya kumzika mmoja wao, aliyepinduka na lori la mawe ya dhahabu. Wazee pale msibani wakasema kazi ya Mungu haina makosa. "Msimsingizie Mungu!" akafoka mwalimu. "Gia aliitoa kwa mkono wake mwenyewe!" Wakamtuliza, wakampandisha kwenye pikapu iliyobeba jeneza, kando ya dereva. Kwenye mteremko wa kwenda makaburini, dereva akatoa gia. Mguu wa mwalimu ukakandamiza sakafu isiyo na breki.