Msumari wa Mwisho kwenye Ukuta wa Lijamu

Iko asubuhi moja ambayo haijanitoka, mwanangu, ingawa nyingi zilizoifuata, zenye maana kubwa kuliko hiyo, zimeshafutika. Ilikuwa Molo, miaka ya hamsini. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na baba yangu alisimama mlangoni mwa banda la farasi akiwa ameficha kipande cha chuma kwapani, ndani ya koti. Alikuwa akikipasha joto. Chuma kile ni lijamu, kinachotiwa kinywani mwa farasi na kufungwa hatamu pande mbili. Baba hakuwahi kumtia farasi lijamu baridi, hata siku alizokuwa na homa.

Nakusimulia haya nikiwa nimechoka, kwa hiyo usingoje habari za ushindi. Nimechoka kuona watu wakifanya kosa moja lilelile, nami nimeishi vya kutosha kuliona likifanywa kwa farasi, kwa watoto, kwa wake na kwa waume.

Baba alikuwa saisi mkuu, yaani mkuu wa watunza farasi, wa Mzungu tuliyemwita Bwana Mvua, kwa sababu hakuwa na mazungumzo mengine ila ya mvua. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, Kampala, nimejaa maswali kama mbwa aliyejaa viroboto. Niliuliza kwa nini tunamshukuru Mungu kabla ya kula na si baada, tukishajua chakula kilikuwaje. Niliwauliza wazee nani alimwona huyo mvumilivu akila mbivu, na kama palikuwa na shahidi. Mama, ambaye alichuma pareto katika shamba lilelile, alisema chuo kimemrudishia nusu ya mtoto: kinywa kimefika, masikio bado yako njiani.

Sasa nisikilize habari ya ukuta. Ndani ya banda, lijamu zilitundikwa kwenye safu ya misumari. Upande wa mlangoni vilikaa vyuma vya upole. Kadiri ulivyoingia ndani ndivyo vilivyozidi ukali: visivyo na kiungo, kisha vyembamba, kisha vilivyosokotwa kama kamba, na kwenye msumari wa mwisho kabisa kile chenye mikono mirefu na mnyororo wa kubana kidevu. Desturi ya shamba ilikuwa fupi. Farasi akikushinda leo, kesho msumari unaofuata. Hakuna aliyejua nani aliianzisha. Masaisi waliifuata, Bwana aliifuata, na baba, mtu mpole kuliko wote, aliifuata pia.

Farasi aliyekuwa amefika msumari wa mwisho aliitwa Siafu. Alikuwa wa ile aina fupi ambayo Wazungu huiita poni, kifua kama pipa, shingo nene. Siafu alipenda kuruka viunzi. Taabu yake ni kwamba akikiona kiunzi aliinua kichwa juu, akapiga shoti, akaruka, na baada ya kuruka hakusimama. Binti wa Bwana alikuwa akimtayarisha kwa maonyesho ya Nakuru. Alishindwa kumzuia kwa chuma cha msumari wa kwanza, wakaenda wa pili, wakaenda hivyo hadi mwisho wa ukuta. Na akiwa na chuma hicho cha mwisho, Siafu alimbeba mtoto wa watu hadi kwenye ua wa miti, akamtupa. Mfupa wa mtulinga ukavunjika.

Bwana Mvua alikuja bandani jioni ile akasema, “Hii farasi hapana akili. Jumamosi mimi piga yeye bunduki.” Simlaumu sana. Alikuwa baba. Ila ona jinsi desturi ilivyomfikisha pale: baada ya msumari wa mwisho ukutani, kilichobaki ni bunduki.

Baba ndiye aliyempokea Siafu siku alipozaliwa, akamkausha kwa gunia. Alimwomba Bwana aje amtazame mara moja zaidi kabla ya risasi. Bwana alikubali, nadhani kwa sababu baba hakuwa na tabia ya kuomba. Na asubuhi hii ninayokusimulia ndiyo ilikuwa Jumamosi. Chuma kilichokuwa kwapani mwa baba kilikuwa kile cha mnyororo.

Nikamuuliza, kwa ile sauti yangu ya darasani, “Baba, yuko farasi aliyewahi kurudishwa msumari wa nyuma?”

Akafikiri. “Hakuna.”

“Kwa nini?”

Hapo alikitoa kile chuma kwapani, akakitazama. Kisha akasema, “Kwa sababu ukirudi nyuma umekubali kwamba ulimuumiza bure.”

Hakungoja nimjibu. Aliingia kwa Siafu, akamfungua kinywa, akaniita nione. Ulimi ulikuwa mnene, wa rangi ya zambarau pale ulipobanwa. Pande zote mbili, kwenye ule ufizi mtupu ambapo chuma hukaa, palikuwa na vidonda. Kinywa chenyewe kilikuwa kidogo, hakina nafasi ya chuma na ulimi pamoja. Tuliangaliana. Wote tulikuwa tukisema farasi yule anakikimbilia kiunzi. Kumbe alikuwa anakikimbia chuma. Kila mara alipotua chini mpandaji aliogopa, akavuta, naye akapata maumivu. Basi kwake kuruka na kuumizwa vikawa kitu kimoja, akataka kukimaliza upesi.

Baba alikirudisha chuma cha mnyororo mahali pake, akatembea nyuma kando ya ukuta akigusa misumari. Cha kwanza alikiacha. Kilikuwa na kiungo katikati, na hatamu zikivutwa kingejikunja na kuufinya ule ulimi kama kibano. Tena, alisema, huyu si mwanakondoo. Lazima ajue kuna mtu juu yake. Alisimama kwenye msumari wa tatu, akatoa chuma kinene, kilichonyooka, kisicho na kiungo, kilichozungushiwa ngozi. Akakitia kwapani, tukangoja kipate joto.

Mimi nilijawa na furaha ya mtu aliyeuliza swali zuri. Nikaanza kueleza habari ya desturi, jinsi watu wanavyorithi mambo bila kuyachunguza. Baba aliniacha niseme mpaka nikafika mwisho. Kisha akanyoosha vidole vyake, vilivyokakamaa kwa miaka ya baridi ile, akajaribu kuvikunja, havikukunjika vya kutosha kushika hatamu.

“Swali lako ni la kweli,” akasema. “Lakini kuuliza ni nusu ya kazi, na wewe nusu hiyo unaipenda mno. Swali lako lina miguu minne. Lipande.”

Kupanda nilijua, nililelewa bandani. Lakini Bwana Mvua alikuwa amekwisha kufika, gari limesimama kando ya uwanja, na bunduki tuliiona kwenye kiti cha mbele. Wanawake wa pareto walisimama na vikapu vyao. Mmoja akanipigia kelele, “Wewe kijana wa vitabu, ukianguka usiangukie pareto yetu!”

Siafu alikiona kiunzi cha kwanza akanyanyua kichwa kama kawaida yake. Alivuta, nami nikavuta, na kwa hatua kadhaa tulikuwa wapumbavu wawili wanaoshindana kamba. Tukaruka vibaya, mti mmoja wa kiunzi ukaanguka. Ndipo nikamsikia baba, si kwa ukali, “Usimvute. Mkamue.”

Sisi Wakipsigis, mwanangu, tunajua maana yake kabla ya kujua kusoma. Ng'ombe akivutwa chuchu huficha maziwa. Unabana, unaachia, unabana, unaachia. Nikafanya hivyo kwa hatamu. Kubana kidogo, kuachia. Chuma kile kinene hakikuwa na la kumuumiza, na mkono haukuwa na la kumpa ashindane nalo. Shingo ikashuka. Kiunzi cha pili alikifikia kwa mwendo wa mapigo sawasawa, nikamwachia kichwa hewani, akatua, na mkono wangu haukumwadhibu. Hakupunguza mwendo. Ila sikio moja liligeuka nyuma, kunisikiliza. Baada ya kiunzi cha mwisho alikwenda mbali kuliko nilivyotaka, karibu na ule ua, na pale akasimama mwenyewe, akipumua mvuke.

Bwana Mvua alimtazama muda mrefu. Akaingia garini. “Kesho tena,” akasema, akaondoka na bunduki yake.

Basi, ni hayo. Huko Nakuru binti wa Bwana alimpanda Siafu baadaye, mfupa wake ulipounga, wakaangusha miti mingi na hawakupata utepe wowote. Lakini Siafu alisimama kila alipoombwa. Najua ungependa nikuambie kwamba miaka ile nchi nzima ilikuwa na chuma kinywani. Ilikuwa nacho. Lakini Siafu hakuwa mfano wa kitu chochote. Alikuwa farasi mwenye kidonda, na kidonda kilitosha.

Wanasema mwenda pole hajikwai. Mimi nimemwona farasi aliyezuiwa mno akijikwaa kwenye kiunzi cha kimo cha magoti tu, kwa hiyo methali nayo ichunguze kabla ya kuimeza. Shauri langu ni hili. Mwenye nguvu akikushinda, usikimbilie msumari unaofuata. Mfungue kinywa kwanza, uone kinachomuuma. Mchagulie chuma kinachomfaa yeye, si kinachoifaa hofu yako. Wala usimwache bila chuma, ukaita huko upole. Ukigundua umekosea, rudi nyuma kando ya ukuta, hata watu wakikutazama. Na ukishauliza swali zuri, lipande wewe.

Jioni ile baba alinitemea mate kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki, na vidole vyake vilivyokakamaa vikayapaka. Njoo karibu nami nikufanyie hivyo. Mikono yako iwe myepesi, mwanangu. Wenye nguvu wakusikilize bila kuumia, na kila ukirukacho, Mungu akutue salama upande wa pili.