Waya wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani yule alizoea kushona akiwa na upande mmoja wa hedifoni ya simu sikioni. Wa pili ulikuwa sikioni mwa mkewe, ambaye usahaulifu ulikwishamwingia. Mkewe akinyanyuka kwenda kuzurura, waya ulimvuta fundi sikio, naye alisema bila kuinua macho, “Kaa, mke wangu, wimbo haujaisha.”

Simu ilipokufa, binti yao akaleta mpya. Fundi aliipapasa kingo zote. “Pa kuchomeka ni wapi?”

“Baba nawe! Siku hizi hakuna waya. Mko huru.”

Fundi akamvalisha mkewe upande mmoja wa hedifoni mpya, akajivalisha wa pili, akakanyaga cherehani. Wimbo ulisikika vizuri mpaka mwisho wa pindo. Alipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu na mlango wazi. Mkono ukaenda sikioni, kuutafuta waya.