Nilimjibu daktari "muzuri", nusura nikose pensheni ya ulemavu

Wakuu, heshima zenu.

Hii imenikuta mwenyewe hapa Gisenyi, chumvi sijaongeza. Mnivumilie kidogo.

Nilikuwa dereva wa lori la kampuni moja ya vinywaji. Siku moja tukipakia mzigo niliteleza kutoka juu, nikaangukia mgongo. Tangu hapo nikikaa nusu saa tu, mguu wa kushoto unakufa ganzi. Udereva ukaishia hapo.

Nikajaza fomu za pensheni ya ulemavu. Nina watoto wanne na kazi nyingine siijui, kwa hiyo hilo lilikuwa tumaini langu lote.

Daktari akanipangia kumwona mara moja kwa mwezi, na physio, yule wa mazoezi ya viungo, kila Jumatano. Physio alikuwa mama mmoja aliyerudi kutoka Kongo, nimwite Mama Furaha. Natoka nyumbani Rugerero kwa basi nimesimama, maana kwangu kukaa ni adhabu.

Baada ya miezi kadhaa nikachoka. Mgongo ni uleule, naenda kufanya nini? Nikaruka Jumatano moja. Mama Furaha akapiga simu.

"Baba Kevine, mbona hukukuja?"

"Mama, sioni nafuu."

"Ukisikia nafuu unakuja, ukikosa unakuja. Mi niko napima, siko nakubembeleza."

Nikarudi, nimenuna kweli. Kila mara ananiinamisha, anapima kwa futi ya fundi cherehani vidole vyangu vimebaki umbali gani na sakafu, anaandika kwenye daftari langu, anasaini. Mimi naona anamaliza wino wa bure.

Siku ya kuitwa ofisi ya mafao ikafika. Ofisa, bwana mmoja mstaarabu, akasoma faili la daktari na kukunja uso.

"Muzee, hapa imeandikwa mara tatu mugonjwa anasema iko muzuri. Donc, sasa ulemavu iko wapi?"

Wakuu, mnajua huku kwetu. Ukiulizwa "habari?" unajibu "muzuri", hata kama nyumba inaungua. Kwa Kinyarwanda ni hivyo hivyo: amakuru? Ni meza. Ni adabu tu.

Kumbe mimi nilikuwa najibu salamu, daktari anaandika hali ya ugonjwa! Simlaumu, nilisema kwa mdomo wangu.

Ofisa akauliza kama nina karatasi nyingine za matibabu. Nikatoa lile daftari kwenye koti, limekunjamana. Akapekua ukurasa kwa ukurasa. Kila Jumatano ina kipimo na saini, na ile niliyoruka imeandikwa sababu. Vidole havijawahi kuvuka magoti.

"Hii ndiyo nilikuwa natafuta," akasema.

Nikarudishwa kwa daktari kupimwa upya, na baadaye barua ya kukubaliwa ikaja. Niliipeleka kwa Mama Furaha nikalia mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu. Mungu ambariki yule mama.

Nilichojifunza: usiache matibabu eti kwa sababu huponi. Kuhudhuria kila mara ndiko kunaonyesha kwamba unaumwa na kwamba umejitahidi kupona. Na salamu ziishie mlangoni kwa daktari.

Nani mwingine adabu imemponza hospitali? Funguka hapa chini tujifunze.

NB: Jumatano iliyopita Mama Furaha kaniuliza, "Habari, Baba Kevine?"

"Mi niko muzuri. Mugongo ndiyo iko vibaya."

Akacheka, akachukua futi yake. "Bon. Inama."