Tete la Urefu wa Hilda

Mzee Mansuetus wa Mbamba Bay alikata tete ufuoni, akaliingiza chumbani na kulilaza kitandani ubavuni mwa mkewe, akalipunguza kwa kisu mpaka likalingana naye tangu utosini hadi visiginoni.

"Baba Vitalis, unanishonea gauni?" Hilda aliuliza.

"Nakutafutia kitanda cha majini."

Hilda alikuwa mzaliwa wa Likoma, kisiwa cha ziwa lilo hilo, ng'ambo ya mpaka. Aliletwa pwani yetu akiwa bibi arusi, na kwa miaka thelathini hakuwa amerudi kwao. Tangu kiharusi kilipomlaza, haja yake ilibaki moja tu: kumwona mdogo wake Beata, aliyesalia peke yake kule kisiwani. Mtumbwi usingemfaa, kwa maana hakuweza kuketi. Safari yenyewe ingechukua wiki kadhaa, wakitia nanga kijiji kwa kijiji ili awaage ndugu, naye ilimpasa alale humo humo chomboni. Ndipo mwana wao Vitalis, mwenye malori ya kubeba makaa ya mawe kule Ngaka, aliposema, "Baba, maji unayajua wewe. Chagua boti, nami nitainunua."

Mwezi wa Aprili, ziwa likiwa limetulia kama maziwa kibuyuni, mzee alikwenda kwa Praygod, kijana aliyekuwa akiuza boti kwenye karakana yake. Zilikuwapo mbili, zote za namna ile ya pacha: miili miwili myembamba, kila mmoja na injini yake, imeunganishwa juu kwa sakafu pana, hivyo haziyumbi kama mtumbwi. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, yenye mbio, na vitanda vyake vilikuwa chini, ndani ya ile miili, penye ngazi tatu. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nzito, ya mwendo wa pole na isiyokunywa mafuta mengi; kitanda chake kilikuwa juu, usawa wa mlango.

Mzee aliinama, akachungulia nafasi iliyobaki kati ya sakafu na maji. "Hii nyeupe imekaa chini mno. Wimbi litaipiga tumboni."

"Basi chukua ya kijivu, mzee wangu. Wiki ijayo mama yuko njiani kwenda Likoma!"

"Mwera haujaipiga bado."

Praygod alicheka. "Jamani, mzee anaposa huyu, hanunui!"

Lakini Mansuetus hakucheka. Baba yake, mchongaji wa mitumbwi, alimfundisha kwamba chombo hakiaminiwi mpaka kipigwe na mwera, upepo ule wa kusini uvumao tangu Mei hadi Agosti. Kwanza kipite msimu mmoja mikononi mwa mwingine, ndipo ukitie mkononi mwako. Kaka yake, Raimundi, alinunua mtumbwi siku ya shwari. Ziwa liliurudisha mtumbwi, Raimundi halikumrudisha.

Alipomweleza mkewe, Hilda aligeuza uso ukutani.

"Mimi ulinitazama Jumapili mbili tu, ukapeleka posa. Chuma hiki unakichumbia miezi minne?"

"Sitaki uzame, mama Vitalis."

"Sasa sizami?"

Mzee aliliokota lile tete. Alilisimamisha nyuma ya mlango, akatoka.

Mwera ukaja. Praygod alizitumia boti zote mbili kupeleka mizigo Lituhi, na kila ziliporudi mzee alikuwapo ufuoni, akipapasa maungio na kusikiliza sauti ya sakafu. Mwezi Juni ile nyeupe ilirudi ikiwa imepasuka chini. Ile ya kijivu ilirudi kila mara kama ilivyokwenda. Nyumbani Hilda aliacha kula ugali, kisha akaacha uji. Hakuitaja tena Likoma, na mzee, kwa ukaidi wa mtu mwenye hofu, alihesabu kimya kile kuwa ni subira.

Mwishoni mwa Agosti upepo ulikatika. Mansuetus alilichukua lile tete, akaenda nalo karakana, akalilaza juu ya kitanda cha ile boti ya kijivu. Lilienea, ikabaki shubiri moja.

"Ndiyo hii," alisema.

"Hongera, mzee. Umepata mchumba."

Safari hii alicheka. Alirudi upesi kuliko miguu yake ilivyozoea, maneno ya kumwambia mkewe yakiwa tayari mdomoni. Uani aliwakuta wanawake wa jumuiya ya kanisa wameketi chini. Hakuna aliyeitikia hodi yake.

Kesho yake asubuhi Joakim, mmoja wa wachimba kaburi, alifika kuomba kipimo. Vitalis alianza kutafuta kamba. Mzee akamnyooshea Joakim lile tete.

"Ongeza shubiri moja," alisema. "Hapendi kubanwa."

Siku ya tatu ya matanga Praygod aliileta boti. Ilitia nanga mbele ya nyumba, juu ya maji yasiyokuwa na hata kunyanzi.

"Baba," Vitalis alisema, "twende basi tukamchukue mama mdogo Beata, aje alione kaburi."

Mzee aliikagua boti kwa macho, toka mbele hadi nyuma. Haikuwa na kasoro hata moja.

"Nenda wewe," alisema. "Akiniuliza nilikuwa nangoja nini, nitamwambiaje?"